Umeniwekea Farasi Mlangoni

Paskalina mke wangu,

Hapa Gitting baridi inauma, maharage yamechanua, na mimi mumeo bado mzuri kuliko hao vijana wa Dar wanaokusukuma kwenye kitanda cha magurudumu. Wakikutongoza waambie una mwenyewe.

Unakumbuka uliponifundisha chesi kwenye simu? Kila ukiniachia kete, mimi nakula. Ukasema, "Babu, hii siyo drafti. Huku kula siyo lazima!" Nikakwambia, "Nyamaza wewe, mimi Katesh nilimfunga mtu drafti mpaka akaondoka mnadani akasahau ng'ombe wake." Ukacheka mpaka ukashika kifua. Mimi nikadhani ni kicheko.

Leo asubuhi, kabla hawajakuingiza kupasuliwa moyo, umemrusha farasi wako mlangoni kwa mfalme wangu, bure kabisa, halafu ukaandika: "Kula basi, mzee mlafi."

Mama yako amepiga simu. Anasema bado uko ndani.

Nimekaa naliangalia hilo shambulio lako, chai imepoa. Nikimla farasi, mlango unabaki wazi. Malkia wako anaingia kumtishia mfalme: cheki! Mfalme wangu anakimbilia pembeni, huko ngome yako inamsubiri. Lakini na wewe umejiachia, mtoto! Nyuma kwako hakuna mlinzi. Ukikosea hatua moja tu, malkia wangu anarudi nyumbani, farasi wako amekufa hivi hivi.

Nani alikufundisha kujiachia namna hiyo? Daktari alisema unaweza kuishi na vidonge, uwe unahema kama bibi kizee. Ukamwambia, "Nipasueni." Mimi hukuniuliza. Ulijua ningekataa.

Mimi niliyemfukuza fisi kwa kofia, leo nashtushwa na kuku. Kuku wakilia nje nadhani ni simu. Ikilia simu yenyewe, naogopa kuishika.

Nisipokula, nashinda. Nimeshaona: namrudisha mfalme nyuma taratibu, farasi wako anabaki anashangaa, shambulio limekwisha. Ningejisifu mpaka kijiji cha Mogitu. Lakini ukifumbua macho ukute mchezo umekufa?

Nimemla, mke wangu. Siyo kwa ulafi. Mlango uko wazi, mfalme wangu yuko nje hana hata blanketi, na malkia wako ana njia nyeupe. Njoo unifunge. Usikae sana huko ndani, naogopa.

Ni mimi babu yako, mumeo wa kwanza