Makaa Yaliyoanikwa

Jumatano, 5 Machi
Makopo matatu ya makaa yameletwa maabara kutoka handaki jipya la mgodi. Nimeunganisha mpira, nimepindua chupa ya maji ya chumvi, nimekaa kuhesabu. Viputo vinne. Vinne! Makaa ya handaki la zamani husukuma nje maji ya nusu chupa kabla ya jioni. Makaa ya mawe yana vijitundu visivyoonekana, humo yameshika hewa ya kaboni. Ukiyakata tu, yanaanza kuiachia. Haya hayaachii kitu. Bosi kafurahi, anasema Jumatatu watu washuke. Mimi sijafurahi. Kuna mtu ananichezea.

Alhamisi, 6 Machi
Tangu jana nimeacha makaa ya handaki la zamani wazi juu ya meza. Leo nimeyafunga koponi, nimepima. Viputo vitano. Basi ndivyo — mtu anayaanika kwanza, hewa inatoka, ndipo anafunga. Sheria ni yafungwe ndani ya robo saa tangu kukatwa.

Nilimshuku dereva, yule tunayemwita Konokono. Nikamkalia kooni. Kaapa kwamba yeye hupewa makopo yameshafungwa. Anayefunga ni msimamizi wa zamu. Halafu akasema, "Muulize mwenyewe, shemeji. Si unalala naye?"

Nilijidai nacheka.

Ijumaa, 7 Machi
Lebo zote tatu: Jumanne asubuhi, makaa yamekatwa saa nne kasoro robo, kopo limefungwa saa nne. Sahihi ya mume wangu. Jumanne saa nne alikuwa kliniki na mimi, amempakata binti yetu, anamwimbia ili asililie sindano.

Jioni kauliza mbona kimya. Nimesema kichwa. Akanikanda mabega. Nilitaka kumwambia toa mikono yako, sikuweza.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemuuliza. Hakukana hata kidogo, na hilo ndilo limeniudhi zaidi. Eti handaki la zamani linafungwa mwezi ujao. Hili jipya lisipofunguliwa, watu arobaini wanarudi nyumbani. Wamekubaliana wote: makaa yakae kwenye karai siku nzima, "yapumue," ndipo yaje kwangu.

"Mama watoto, kazi ikifa tutakula vipimo vyako?"

Nikamwambia hewa ile haina harufu. Ni nzito, inalala chini. Mtu anainama kufunga buti, hainuki. Akasema wameshazoea. Wamezoea nini? Huko hawajawahi kufanya kazi hata siku moja! Na kama amenificha hili, mengine ni mangapi?

Jumapili, 9 Machi
Nimeshuka mwenyewe na Konokono, kwa hofu tupu. Nimekata, nimefunga palepale. Maabara — chupa ya kwanza imejaa hewa ndani ya saa moja. Ya pili nayo. Nimepitisha kidogo kwenye maji ya chokaa, yamegeuka meupe kama maziwa.

Nyumbani kaniangalia viatu, vina vumbi jeusi, akaenda kulala.

Jumatatu, 10 Machi
Naandika haraka, niko stoo ya kemikali.

Asubuhi maabara nimekuta fomu ya kibali cha handaki jipya mezani, imeshapigwa chapa kwa vipimo vya Jumatano. Inasubiri sahihi yangu tu. Mume wangu yupo kwenye kigoda, kofia ya kazi magotini. Akasema tu kwamba yeye ndiye atakayetangulia kushuka, kwa hiyo nisimfundishe kuogopa.

Nikatoka kumwita bosi aje aone chupa kwa macho yake. Dakika tatu, hazizidi. Nimerudi — kopo langu la jana liko wazi dirishani. Chupa zimeoshwa, zimepangwa, zinachuruzika maji. Ile ya chokaa pia.

Bosi kauliza nilichomwitia ni kipi. Kabla sijafungua mdomo, mume wangu kanijibia: "Amechoka, bosi. Mtoto hakulala." Akaninyooshea kalamu.

Nimesema nafuata miwani. Konokono, shahidi wangu pekee, yuko safarini hadi jioni. Uani watu wameshavaa, wanataniana. Nikitoka na neno langu tupu, ni mimi dhidi ya arobaini na mume wangu. Nikitia sahihi, wanashuka.

Anagonga mlango. Taratibu, namna anavyogonga nyumbani mtoto akiwa amelala.