Safari Hii Kidonda Hakiozi

Jumatatu, 16 Juni 2025

Kesho napasuliwa tena. Mwaka jana utumbo ulijisokota, wakakata, wakaniachia mfuko wa choo tumboni. Halafu kidonda kikaoza. Wiki sita nililala hospitali hii hii ya Kisumu, duka langu la madera kule Mamboleo limefungwa, Salme binti yangu kaacha kazi aniuguze, nanuka mpaka wageni wanasimama mlangoni. Kesho utumbo unaunganishwa. Naogopa. Naogopa sana! Lakini kuoza, sitaoza tena.

Wifi Khadijah amefika kutoka Ahero na wembe mpya. Eti aninyoe tumbo, awapunguzie manesi kazi! Adero, nesi wa thieta, chumba cha upasuaji, akamzuia: wembe unachubua ngozi, vijidudu vinapata mlango. Nami nikamuunga mkono. Wifi anasema nimekuwa mjuaji. Amenuna. Na anune.

Jumanne, 17 Juni

Nimeoga kwa ile sabuni waliyonipa. Mara mbili. Daktari Obonyo kaja na fomu ya kusaini. Nikamwambia nitasaini, ila aniahidi kwanza: dawa ya vijidudu niipate kabla ya kisu, na glavu mpya kabla ya kushona. Mkono uliotoka kwenye utumbo usinishone! Akacheka.

"Sasa Mama, si utakuwa umelala? Utajua aje?"

Nikamwonyesha Adero. "Huyu atakuwa macho."

Kitanda cha magurudumu hicho. Bismillahi.

Jumatano, 18 Juni

Niko hai. Inauma. Adero kapita kuniona — anasema daktari aliitisha uzi, yeye akampa glavu. Akanung'unika, akavaa. Nimecheka. Kosa kubwa. Tumbo!

Ijumaa, 20 Juni

Kidonda ni kikavu, alhamdulillahi. Kitanda cha pili ni Mama Akinyi wa Bondo. Kidonda chake kilianza kutoa usaha jana. Hasemi na mtu, anatazama ukuta tu.

Saa nne sasa. Raundi. Kaja daktari mkubwa, si Obonyo, na wanafunzi wake. Kafungua bandeji ya Mama Akinyi, kabonyeza, kageukia kwangu. Glavu zile zile! Nikafunika tumbo. Nikasema anawe kwanza. Anasema ana wagonjwa thelathini wanamngoja. Anasema mimi si daktari. Kweli, mimi nauza madera. Lakini kidonda ni changu.

Nimetoa daftari. Mkono wa kushoto uko juu ya bandeji, wa kulia unaandika. Kauliza naandika nini.

"Jina lako, daktari. Na saa."

Wanafunzi wanatazama viatu vyao. Yeye hajasogea, glavu hajavua. Sinki iko pale mlangoni, hatua kumi hazifiki.

Mama Akinyi amegeuka. Ameacha ukuta, ananitazama mimi.

"Mama Salme," anasema polepole, "andika na yangu. Jumanne alinishika hivyo hivyo."