Mchana Moshi Hugoma

Mama,

Shikamoo. Nilizoea kukuamkia hivyo kila asubuhi nikipita mbele ya jiko lako, na mdomo umekataa kuacha. Leo nina habari, na habari njema ya nyumba yetu siku zote hukufikia wewe mwanzo, kabla ya majirani. Basi kaa vizuri unisikilize.

Nimefaulu. Yule mkufunzi aliyetoka chuo chetu cha Tunguu kuja kunikagua nikisomesha ametia saini yake. Mwanao ni mwalimu, Mama. Na aliyesomesha siku ile ni wewe. Ngoja nikuhadithie.

Ulipotutoka nilikuwa ndo kwanza naanza mazoezi ya ualimu, skuli moja ya huku Amani, zamu ya mchana. Ukaguzi wa kwanza ulinikuta arubaini yako haijapita. Somo lilikuwa tabaka za angahewa, yaani hewa yote iliyoizunguka dunia, vile ilivyopangika kutoka chini kwenda juu. Nikaandika majina ubaoni: troposfia, stratosfia, mesosfia, themosfia, eksosfia. Watoto wakaitikia kwa sauti moja kama wako chuoni kwa maalim wa Kurani. Mkufunzi akaniuliza swali moja tu: kwa nini wingu la mvua likipanda hufika mahali likasita, lisiingie tabaka ya pili? Nikababaika. Nikasema nadhani ni uzito. Kwenye ripoti yake akaandika kuwa najua majina, sijui sababu. Akanipa wiki mbili. Nikianguka tena, narudia mwaka.

Shangazi Bi Time akasema basi niache, nirudi kwetu Jang'ombe nishike sufuria yako, maana wenye harusi wanauliza udi wa kufukizia nguo na hakuna wa kuwapikia. Hakusema kwa ubaya. Nami nilikuwa nshachoka na kulia, nikamjibu kuwa nikianguka mara ya pili, ntarudi. Nisamehe. Najua ungenifinya.

Sufuria nikaishika kweli, lakini ili inifundishe somo langu. Unakumbuka nilipokuwa darasa la tano, nikapika udi wangu mwenyewe nawe uko msibani? Nilidhani kinachonukia zaidi ndicho kilicho kingi, nikamimina mafuta ya miski nusu kichupa. Nyumba nzima tuliumwa vichwa. Ulicheka hata ukakaa chini, halafu ukanionesha: vijiti vya udi ndivyo vingi, sukari inafuata, miski ni tone. Hewa nayo imeungwa hivyo hivyo, Mama! Watu ukiwauliza watakwambia hewa ni oksijeni. Wapi. Ukichukua hewa kavu sehemu mia, sabiini na nane ni naitrojeni, iliyotulia kimya kama vijiti vyako. Oksijeni ni ishirini na moja. Agoni haitimii hata moja. Hewa ukaa, ile tunayoitoa puani na kwenye moshi wa magari, ndiyo tone la miski: haifiki hata sehemu moja ya elfu, lakini ikizidi kidogo tu dunia nzima inaongezeka joto. Hapo nikajiona nimepata nusu ya somo. Lile wingu ndilo lililonikosesha usingizi.

Siku ya ukaguzi nikachukua chetezo chako cha udongo, makaa mawili, na udi wa mwisho uliopika kwa mkono wako. Nilitaka kuonesha jambo dogo, kwamba hewa ya moto hupanda. Nikafunga madirisha ili upepo usinivuruge. Saa nane mchana, bati limeshika moto, dari hakuna. Nikatia udi. Moshi ukapanda vizuri, ukapita meza, ukapita ubao, halafu... ukasita. Ukajitandaza pale pale katikati, kama shuka iliyoanikwa, bati uko nalo mbali.

Mtoto mmoja wa kike akasema, "Mwalimu, moshi umekwama." Darasa likacheka. Mkufunzi akashika kalamu. Moyo ukanambia haya, Jang'ombe hiyo.

Ndipo nikakusikia.

Nguo za bi harusi ulizitundika kwenye kamba juu, karibu na bati, chetezo ukakiweka chini, na siku zote ulifukiza alfajiri. Mara moja nilichelewa kukuletea makaa, ikafika adhuhuri, wenye nguo wako mlangoni, ukakataa katakata. "Mchana moshi hugoma," ukasema. "Bati halitaki." Mimi nikadhani ni miko tu ya watu wazima.

Kumbe ndiyo sababu yenyewe! Moshi hupanda ukiwa na joto kuliko hewa iliyouzunguka. Ukikuta juu kuna hewa ya moto zaidi, kama ile iliyopashwa na bati la mchana, umefika mwisho wake. Katika troposfia, humu tunamoishi, kila ukipanda baridi huzidi, ndiyo maana hewa hupanda na mvua tukaipata. Kwetu huku karibu na ikweta, ukifika kama kilomita kumi na sita mambo hugeuka. Ndani ya stratosfia mna ozoni, inayodaka miale mikali ya jua, na kadiri unavyopanda joto huongezeka. Ozoni ndiyo bati. Wingu likifika pale hugoma, likajitandaza.

Niliyasema yote hayo bila ya kutazama daftari, na watoto wameinua nyuso kuutazama moshi wako. Mkufunzi akauliza hilo la bati nimelisoma kitabu gani. Nikamwambia ni la mama yangu, mpishi wa udi. Akaniambia niliandike ubaoni, na jina la mwenyewe. Nikaandika: Mchana moshi hugoma. Bi Zuwena, Jang'ombe. Watoto hamsini wakainama wakanakili.

Wewe, Mama. Wewe uliyekuwa ukitia dole gumba kwenye fomu zangu za skuli, ukageuka pembeni kwa haya. Jina lako limo madaftarini, chini ya stratosfia. Nilijidai siku ile, wallahi, mpaka nikaona aibu mwenyewe.

Bi Time nilipomhadithia alilia. Halafu akaniomba kipimo cha miski. Atapika yeye.

Nami nakuahidi: kila mwaka ntakapofika somo hili, chetezo ntakibeba na jina lako ntaliandika. Mungu akurehemu, mamangu, akulaze pema. Ule udi wako umebaki kipande kimoja. Sikiliza, Ijumaa hii alfajiri, bati likiwa bado baridi, ntakufukizia chumbani mwako. Moshi utafika juu.

Mwanao,
Mwalimu Raya