Mtungi Unaotoka Jasho

Kasongo, tarehe 3 Februari 2024

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu sana, wewe na wote wa nyumbani. Mgongo unasemaje? Bado unakaa chini siku nzima ukifinyanga, au umekubali kile kiti Clovis alichokutengenezea? Sisi huku ni wazima.

Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu huko Kabambare mtandao unashika juu ya kilima tu, na ukisema neno pale kilimani, soko zima limelisikia. Neno hili ni la sisi wawili. Mama, tumepata daktari. Anaitwa Élysée. Ametupima mimi na Clovis, wote wawili, na anasema baada ya miaka saba ya ndoa bado kuna tumaini. Mayai yangu hayakomai yenyewe, basi nitajichoma sindano tumboni jioni kumi, kila siku saa ileile, ili yapate nguvu. Dawa iko ndani ya kitu kama kalamu, na daktari ndiye anayesema niizungushe hadi namba gani. Nesi Olga amenifundisha yote: kunawa mikono, sindano mpya kila jioni, leo upande wa kulia kesho wa kushoto, na zilizotumika zinaingia kwenye kibidoni kigumu chenye kifuniko. Nikisahau siku moja nisizidishe kesho yake, nimwulize yeye kwanza.

Shida ni moja. Dawa inataka ubaridi, na sisi hatuna firigo. Ile ya kliniki imejaa chanjo. Clovis ameipeleka kwa Souleymane, yule anayeuza samaki wa barafu sokoni. Nitaanza wiki ijayo.

Niombee, na funga mdomo.

Mtoto wako,
Darlène


Kabambare, 9 Februari

Binti yangu,

Salamu zako zimefika pamoja na vumbi lote la barabara, maana Isidore wetu wa kubeba barua ameshuka kwenye pikipiki akifanana na chungu kibichi. Mgongo wangu hauna neno. Kiti cha Clovis wanalalia kuku.

Nimesoma barua mara tatu, mlango umefungwa. Nimelia, halafu nikaimba, na mboga ikaungua. Kujichoma mwenyewe tumboni! Wewe uliyekuwa unakimbilia mtoni ukisikia tu kwamba watu wa chanjo wamefika!

Nina maswali mawili. La kwanza: ukizungusha kalamu mara mbili ya namba ya daktari, si utapata mapasa, wawili kwa tumbo moja? Unajua tunavyocheza hapa mapasa wakizaliwa. La pili: Falone wa jirani naye anatafuta mtoto, huu ni mwaka wa nne. Sisi tukipika tunagawa. Huwezi kumbakizia kidogo? Sijamwambia kitu. Nimemwambia tu avumilie, na nikakonyeza jicho.

Mama yako,
Mathilde


Kasongo, 20 Februari

Mama,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mwili ni mzima. Moyo ndio ulikuwa umelala chini, lakini leo umekaa.

Dawa imeharibika. Clovis alimwambia Souleymane aiweke juu, mahali pa baridi kidogo. Souleymane kwa wema wake akaona juu hapatoshi kwa dawa ya mtoto. Akaizika chini kabisa, katikati ya samaki, siku nne. Nilipoichukua ilikuwa jiwe. Nikamwuliza Olga kama ikiyeyuka itarudi kuwa dawa. Akanishika mkono kama dada yake mkubwa: "Yaya, hii haiko dawa tena. Tukikuchoma nayo, tunakudanganya. Samaki anarudi, hii hairudi, na hata macho hayawezi kuona kama imekufa." Nililia mbele ya wagonjwa wote. Nilikuwa nimekwisha kuhesabu miezi hadi kuzaa, Mama.

Jioni Souleymane alikuja nyumbani na samaki mkubwa, akakataa hata kukaa. "Mama, mimi nilifikiri baridi mingi ndiyo nguvu mingi." Clovis ndiye aliyecheka wa kwanza, nami nikamfuata. Samaki yule tulimla wote watatu.

Na wewe, akili yako na ya Souleymane zilinyonya ziwa moja! Hapana, sizidishi. Dawa ikizidi, mayai yanavimba, tumbo linajaa maji, mtu anatapika na pumzi inamkatika. Ndiyo sababu daktari atanitazama kwa ekografi, ile mashine inayoona ndani ya tumbo, kila baada ya siku mbili tatu. Wala sigawi. Kalamu ni ya mtu mmoja, hata ukibadilisha sindano, na namba yangu si ya Falone. Aje Kasongo na mume wake, wapimwe wote wawili.

Dawa nyingine itafika kutoka Bukavu mwezi wa nne. Olga anasema hii inaweza kukaa bila firigo kwa muda wa tiba, mradi joto lisipite digri ishirini na tano. Ameniuliza kama najua mtu wa mitungi: mkubwa, na mdogo wa kuingia ndani yake, katikati mchanga uliolowa maji. Nikamjibu namjua mmoja, lakini ni mjeuri.

Binti yako,
Darlène


Kabambare, 2 Machi

Darlène, mtoto wa mjeuri,

Pole, mama. Pole sana. Mwambie Souleymane nimemsamehe, ila asiguse kitu tena.

Mitungi hiyo hapo. Nimeacha kazi ya watu wote. Nimechukua udongo wa mto Luama, ule mweusi ninaoficha hata kwa dada zangu. Shingoni nimechora mistari ya arusi. Ilipotoka motoni nimeipaka utomvu wa mti, mara tatu, mpaka inang'aa. Haitavuja hata tone. Mitungi kama hii sijampa hata mke wa chifu, mkubwa wa groupement yetu. Isidore ameifunga mgongoni kama mtoto, na nimemwapisha kwa jina la mama yake.

Kula vizuri. Usibebe maji.

Mama yako,
Mathilde


Kasongo, 15 Machi

Mama mpenzi,

Habari ya siku hizi? Mitungi imefika mizima, na majirani wanakuja kuitazama kana kwamba tumenunua gari.

Lakini usikasirike. Olga ameweka kipimajoto ndani siku mbili, na kimesoma digri ishirini na tisa. Mchanga umelowa, mtungi uko kivulini penye upepo, na bado ndani ni joto kama chumbani. Olga amepapasa tumbo la mtungi akasema, "Huyu hatoki jasho. Mutungi usipotoka jasho, ndani hakuna baridi." Maji yanatakiwa yapenye polepole hadi nje, upepo uyakaushe. Utomvu wako umeyafungia.

Dawa inakuja baada ya mwezi mmoja. Tufanyeje?

Mtoto wako,
Darlène


Kabambare, 24 Machi

Binti yangu,

Nimecheka hadi nikaegemea ukuta. Miaka arobaini nimepigana na mitungi isitoke jasho. Nimegombana na wateja, nimemfukuza mwanafunzi mmoja kwa sababu mitungi yake ilitoka jasho. Leo mtoto wangu wa tumboni ananiomba mtungi mbovu!

Haya, nimekufanyia mkubwa mwingine; mdogo wa ndani tumia uleule. Nimechanganya pumba za mpunga kwenye udongo, zikaungua motoni zikaacha vitundu. Hakuna utomvu, hakuna mistari. Ni mbaya, Mama wee. Nimeufunika kwa kitenge ili Isidore asiuone na kunichafulia jina barabarani. Nimejaza maji kuujaribu, na kabla sijamaliza kusuka kichwa cha Falone ulikuwa umelowa nje kote. Nikauwekea shavu langu. Ulikuwa baridi, Darlène. Nimekaa hapo muda mrefu, shavu juu ya mtungi, nikimwomba Mungu.

Mama,
Mathilde


Kasongo, 4 Mei

Mama yangu,

Salamu za upendo. Najua nimekawia, ulimi wako umeota nywele kwa kungoja.

Mtungi wako mbaya umesoma ishirini na mbili, mchana umefika ishirini na tatu, haukupita. Olga alirukaruka. Dawa ilipofika, jioni ya kwanza Clovis aligeuza uso ukutani, mwanaume mzima. Jioni ya tatu nilikuwa najichoma huku namsimulia habari za shuleni. Jioni ya nane tumbo lilijaa kidogo nikaogopa, sikungoja kesho, nilikwenda kliniki palepale. Walinipima uzito, wakatazama kwa ekografi, wakasema yai moja limekomaa vizuri, moja tu, na hakuna hatari. Samahani kwa mapasa yako. Halafu daktari akanipa sindano ya mwisho, ya kulifanya yai lishuke, kwa saa aliyoandika mwenyewe kwenye karatasi.

Sasa tunangoja. Naogopa kutumaini, na natumaini hivyohivyo.

Darlène wako


Kasongo, 14 Juni

Mama, Mama, Mama,

Salamu utajisalimia mwenyewe leo. Nina mimba! Nimejua tangu mwezi uliopita, lakini nilitaka kwanza kuona kwa macho. Leo tumeuona moyo wake kwenye ekografi, kidoa kinapigapiga. Olga akasema, "Iko na moyo, yaya, tazama, iko na moyo," na daktari akajifanya anafuta miwani. Clovis alitoka nje akamkumbatia Souleymane, ambaye hakuna aliyemwita.

Ninakuomba kitu kigumu: usimwambie mtu hadi miezi minne itimie. Tafadhali. Najua ninachokuomba.

Mtoto wako mwenye furaha,
Darlène


Kasongo, 20 Julai

Mama,

Mbona kimya? Isidore amepita hapa mara tatu, mikono mitupu. Anasema uko mzima, unafinyanga, ila humsemeshi mtu yeyote. Nimekukosea? Mimi na mimba hatujambo. Niandikie hata mstari mmoja.

Darlène


Kabambare, 10 Agosti

Binti yangu,

Sikukasirika. Niliona nikifungua mdomo hata kusema "habari ya asubuhi", neno lile litatoka nyuma yake. Nikishika kalamu niliogopa Isidore atalisoma usoni mwangu. Basi nimenyamaza miezi miwili. Padri amekuja kuniuliza kama ninaumwa.

Falone na mume wake watakuja kwa daktari wiki ijayo. Wanakuletea mtungi mwingine mbaya, wa Olga, kwa mwanamke atakayefuata. Sasa ninatengeneza ya namna hiyo tu, na sioni haya tena.

Nimehesabu kwa vidole, nikahesabu tena kwa mahindi. Miezi minne inatimia. Jumapili tarehe 18, misa ikitoka, watu wote wakiwa bado uwanjani na nguo zao nzuri, nitapanda kilimani na kukupigia simu. Nitasema kwa sauti yangu yote. Utakapoitika, weka simu mbali na sikio.

Koko, bibi wa mtoto,
Mathilde