Nilingoja Moyo wa Fiston Usimame

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku Durban. Mgongo unaendeleaje? Je, zile dawa alizokuletea kaka Dieudonné unazimeza, au unazihifadhi kabatini kama sahani za wageni? Mimi mwili ni mzima. Kazi ya saluni ipo, na wateja kutoka Morningside bado wanataka rasta nyembamba zimalizike kabla hawajamaliza chai.

Neema, mwana wa kaka, wewe unayemsomea bibi yako, simama hapo kwanza ufunge mlango. Kama wale mama wa kwaya wamekaa nje, subiri kwanza waende. Maneno yanayofuata ni ya bibi peke yake.

Mama, moyo wa mdogo wangu Fiston haukupewa mtu. Nilikuambia kwenye simu kwamba madaktari waliuchukua. Nilikudanganya. Ninaandika kwa sababu kila nikisikia sauti yako nadanganya tena, na karatasi angalau hainiulizi kitu.

Unajua ile taxi ilivyomgonga pale Isipingo, akivuka kwenda kwenye meza yake ya kuuzia vifuniko vya simu. Hospitalini nilimkuta kwenye mashine. Daktari, mwanamke mpole wa asili ya Kihindi, aliniketisha akaniambia kwamba ubongo wake umekufa, wamempima na daktari mwingine amempima tena, wala hakuna njia ya kurudi. Mashine ndiyo inayompumulia, na moyo unapiga kwa sababu bado unapata hewa. Akaniuliza kama familia itakubali moyo huo apewe mgonjwa anayengoja.

Nilikupigia hapo hapo. Nilidhani utapiga yowe. Badala yake ulisema, "Toa, binti yangu. Ule mutoto hakukuwa wa kunyima watu." Maneno yako niliyasikia vizuri, Mama. Simu haikukatika, wala sikuelewa vibaya.

Lakini nikarudi kitandani, nikamshika mkono. Ulikuwa na joto. Kifua kilipanda na kushuka. Wenzetu wa kanisa walikuwa wamefika, na mke wa mchungaji akaniuliza, "Muntu bado iko na moto, munataka kumupasua? Apana, dada. Tungoje Mungu amuchukue mwenyewe." Nisimsingizie yule mama. Hata asingesema, mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kuona hivyo. Kwetu mtu amekufa akishapoa, moyo ukishanyamaza, na wewe ndiwe uliyenifundisha kuweka sikio kifuani kwa babu kabla hatujaanza kulia.

Basi nikarudi kwa daktari, nimejaa hekima. Nikamwambia tumekubali, moyo tutautoa, ila wangoje kwanza afe kabisa. Alinieleza tena polepole kwamba Fiston amekwisha kufa, na kwamba hapa wanahitaji moyo ambao bado unapiga. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, nikasema tutangoja. Hakunilazimisha. Alisema uamuzi ni wa familia, na mimi nikajiona nimewashinda wazungu na mashine zao.

Tuliimba, tukaomba. Kesho yake mchana moyo ukasimama wenyewe. Nikajifuta uso, nikatoka hadi kwenye korido kumtafuta daktari, nikamwambia, "Sasa tayari. Mnaweza kuuchukua."

Mama, laiti ungeona jinsi alivyonitazama. Hakukasirika, na ndiyo maana naona haya mpaka leo. Alinivutia kiti. Akasema moyo uliosimama hivyo huharibika upesi, hawawezi tena kuutumia. Nikabisha, nikasema marehemu ndiye huyu, mlikuwa mnataka marehemu. Ndipo akanieleza kwamba nchi nyingine kweli wanachukua pia mioyo iliyokwisha kusimama. Lakini ni kwa mpango, madaktari wakiwa wamejiandaa pale pale, na mashine ya kuuamsha moyo iko tayari. Wagonjwa wanaopewa mioyo ya namna hiyo, alisema, wanaendelea vizuri karibu sawa na wale waliopewa mioyo iliyokuwa inapiga. Wazo langu halikuwa la kijinga, akaniambia, ila hapa kazi hiyo hawaifanyi bado. Alikuwa ananifariji. Kila alivyonifariji ndivyo nilivyozidi kuwa mdogo.

Nilimuuliza kuhusu yule aliyekuwa anangoja. Hakuweza kunitajia jina. Alisema tu ni mama mwenye watoto.

Jioni ukapiga simu, ukauliza, "Walimupatia muntu?" Nikasema ndiyo. Nilitaka ulale tu usiku ule. Asubuhi ukawa umekwisha kulitangaza kanisani, na wanawake wa mtaa wakaja kukupongeza kwenye matanga. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi nimeitembea mpaka viatu vikaisha. Juzi yule mfanyabiashara jirani yenu amefika na kitenge ulichomtuma, cha huyo aliyepewa moyo, unayemwita mtoto wako mpya. Nimekiweka juu ya kitanda. Mimi nalala sakafuni, siwezi kukigusa.

Tulimzika Fiston mzima, hakupunguka hata kucha. Zamani ningejivunia hilo. Majuto ni mjukuu, wanasema, nawe umekuwa ukinidai mjukuu miaka yote hii. Ndiye huyu niliyekuletea.

Sikuombi unisamehe upesi. Ukitaka kukaa kimya, kaa, nitajua ni haki yako. Kanisani useme au usiseme, uamuzi ni wako, na lawama zote niwekee mimi.

Nisalimie kaka Dieudonné, umwambie yeye kwanza, maana ndiye mkubwa wetu. Nisalimie shemeji, mke wake, aliyemlea Fiston nilipoondoka. Shangazi Zawadi mwambie namkumbuka katika sala zangu. Neema, asante kwa kusoma. Usilie mbele ya bibi.

Na wewe Mama, neno moja tu ninakuomba. Uliniambia kila alfajiri unamwombea yule mtu mwenye moyo wa Fiston, Mungu amjalie pumzi na siku nyingi. Usiache. Mtu ambaye angeupata yupo, kama hajafa. Ana watoto, na bado anangoja.

Mimi binti yako, uliyemwambia toa akangoja,
Mapendo