Pipa Lililosema Kalibu

Baba,

Mama ametoka eda juzi. Siku hiyo nilimwambia jambo ambalo nilipaswa kukuambia wewe kwanza, ukiwa hai, ila sikuwa na ubavu.

Nimekaa karakanani Rahaleo, kwenye kile kiti chako ulichokichomelea mguu mara tatu. Wateja wa madirisha bado wanakuulizia. Nikiwaambia wanashika mdomo, halafu wanauliza kama nitaendelea na kazi. Naendelea, baba. Mikono inaungua, lakini naendelea.

Lile pipa letu liko mbele yangu. Unakumbuka nilivyorudi kutoka chuoni na mchoro? Pipa la kukusanya chupa za plastiki kwenye mechi na Maulidi, linalomwona mtu akisogea likamkaribisha, na akitia chupa likamshukuru. Ulitazama karatasi weee, ukasema pipa hili lina maneno kuliko mjomba Hamisi. Kisha ukachukua pipa la mafuta, ukapima mdomo wake kwa ngumi yako, ukakata, na ukakunja ukingo wa bati kwa ndani ili mtoto asikatike vidole. Hilo la kukunja halikuwamo kwenye mchoro wangu.

Sauti tukarekodi yako, kwa simu yangu, hapa hapa. Ukakohoa, ukajinyoosha kama unapigwa picha ya pasipoti, ukasema: "Kalibu. Usitupe chini, nipe mimi." Na ya chupa ikishaingia: "Ahsante, mwanangu."

Kalibu. Ulimi wako wa Madimba haukuwahi kuijua R. Nilipokuwa darasa la pili mwalimu alinichapa kwa hiyo L mpaka ikanitoka, nami nikaja nyumbani nikaanza kukusahihisha wewe. Ulikuwa unacheka tu.

Mechi ya kwanza watu walipanga foleni mbele ya pipa. Wengine walinunua maji wasiyoyataka ili wapate chupa ya kutia. Mmoja akatumbukiza maganda ya muhogo, ukamshukuru vilevile. Wauza karanga wakaanza kuitana uwanja mzima, kalibu, nipe mimi, kalibu, nipe mimi. Nikaona wanakucheka. Sasa najua walikuwa wamekupenda, lakini siku ile uso uliniwaka moto.

Kwa hiyo yule bwana wa ofisi iliyotupatia vifaa vya pipa aliponivuta pembeni, akasema kazi nzuri ila hiyo lafudhi, na wageni watakuja kuliona, sikubisha. Nitakuambia ukweli wote: nilipata nafuu. Akaleta sauti ya binti mmoja wa Dar, laini, imenyooka. "Karibu, mpendwa mteja." Mteja wa pipa, baba. Kadi ya sauti ndani ya pipa ni ndogo, haibebi za watu wawili, nikaiweka ya kwake juu ya yako. Yako kwenye simu nilikuwa nimeshaifuta kwa sababu simu ilijaa.

Hukujua. Ulikuja mechi iliyofuata umevaa kanzu ya Ijumaa, ukatia chupa yako, ukasubiri kujisikia. Ukasikia mpendwa mteja. Halafu ukanigeukia ukasema, "Pipa limesoma hili."

Nikacheka. Na wewe ukacheka, tukaenda kunywa chai, wala hatukulizungumza tena. Wiki chache baadaye presha ikakuangusha mlangoni hapa, asubuhi, mkasi wa bati mkononi. Nilikuwa dukani kununua vijiti vya kuchomelea. Niliporudi majirani walikuwa wameshakulaza, na mimi nimesimama na vijiti vyangu kama mjinga.

Nimeitafuta sauti yako kila mahali. Wewe ulikuwa mtu wa kubipu. Hukutuma ujumbe wa sauti hata mmoja, ulisema huongei na kioo. Kwenye video ya harusi ya dada unapita umebeba sufuria, mdomo umeufunga. Hakuna. Ilikuwa pale kwenye kadi tu, na mimi ndiye niliyeifuta.

Na mama, tangu wiki ya pili ya eda, kila nikienda Madimba ananiambia neno hilohilo: siku nikitoka, unipeleke mjini nikamsikie baba yako kwenye lile pipa. Miezi minne nimemwitikia ndiyo, mama. Dada akanishauri nimrekodi mjomba Hamisi, anakuigiza vizuri, mama hatatambua. Nililifikiria hilo siku mbili nzima. Naona aibu hata kukuandikia.

Juzi nilimkuta ameshaoga, amejifunga kanga mpya, viatu miguuni, mkoba magotini. Nikakaa chini mkekani nikamwambia yote, mpaka sababu. Hakunigombeza. Aliniangalia akaniuliza, "Kwani sauti yake ilikuwa na kosa gani?"

Akavua viatu kimoja kimoja, akaviweka ukutani, akaingia ndani. Mjini hakwenda. Jana nimempigia, amepokea, ameniuliza kama nimekula, basi.

Nimemtoa yule binti wa Dar kwenye pipa. Leo tangu asubuhi nimejaribu kuisema mimi. Nimerekodi na kufuta, nimerekodi na kufuta. Ikitoka yenyewe inatoka na R. Nikiilazimisha L, nasikika kama nakudhihaki. Ulinisomesha, baba, na nimesoma kweli.

Basi nimeliacha bila sauti. Mechi ijayo litapokea chupa kimya. Watakaokuja kukusikia watasikia chupa inagonga bati ulilolikata wewe, hakuna zaidi, na wakiniuliza nitawaambia nilichofanya kama nilivyomwambia mama.

Ila nimechukua rangi nyeupe iliyobaki kwenye mageti, nikaandika juu ya mdomo wa pipa kwa herufi kubwa: KALIBU. USITUPE CHINI, NIPE MIMI. Bado haijakauka. Yule bwana wa ofisi ameshapita, ameisoma, ameniambia kwa upole kwamba nimekosea herufi moja, nirekebishe kabla wageni hawajafika.

Pumzika, baba, Mungu akuweke pema. Mama nitamwendea kila Ijumaa, anifungulie asinifungulie. Na hiyo L sitaifuta.

Mwanao,
Zuhura