Taisto Anadhani Yuko Sauna

Dada Kirsti, Taisto kaanguka. Tuko hospitali hapa Hispania.

Tangu asubuhi kakaa juani hapo barazani, anajigamba, "Mfini haogopi joto, mimi nimezaliwa sauna, kwenye mvuke wa mawe ya moto." Jirani yetu Encarna akatuonya tukae ndani na kufunga madirisha joto lisiingie, kama Wahispania wenzake. Tukamcheka.

Mara namwona hatoki jasho hata tone. Ngozi kavu, inaunguza kama kikaango. Akanitazama, akasema polepole, "Mama, mwagia mawe maji."

Mama. Mimi mkewe, ananiita mama yake aliyekwishazikwa.

Encarna ndiye aliyemfunika shuka mbichi na kuita gari la wagonjwa. Mimi Kihispania hata "anakufa" sijui kusema.

Wamemwingiza ndani, wamefunga mlango.

Kirsti, yule mnunuzi wa nyumba yetu ya ziwani huko Ufini, mwambie haiuzwi tena.